Mtihani wa Kiingereza na Matanga ya Mama Yako

Mwanjelwa, Mbeya
Septemba 1956

Mwanangu Yunusu, huko shuleni Iringa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na mahindi yamekauka vizuri. Mtihani wako umekwisha, basi sasa nisikilize.

Uliniandikia vitenzi vya Kiingereza vinakusumbua, jana ina chake na kesho ina chake. Mimi nilimpikia Mzungu wa kujenga barabara miaka mingi, nikasema "ai go" kwa zote, naye alikula akashiba. Mpishi wa kunishinda Mbeya nzima hakuwapo.

Mama yako amefariki. Tulimzika Ijumaa, kabla hujaanza mtihani. Mjomba wako Othmani alitaka kukupelekea simu ya maandishi, "Mama mgonjwa, njoo," kama desturi. Nikakataa. Ungeuacha mtihani, na mwaka jana ulishaanguka.

Wakikuuliza kwa nini hukuzika, sema baba alikataa. Sasa watu wamechoka kulala hapa, wanataka matanga yaondolewe. Hayaondolewi mpaka ufike.

Alipokuwa kitandani, kila asubuhi mama yako aliniuliza utakuja lini. Nilimjibu, "Kesho." Basi njoo, mwanangu, nisizidi kuwa mwongo.

Ni mimi baba yako,
Halfani mpishi