Gari la Paa la Kioo

Fundi Barasa,

Nimegombana na mkeo, na ni heri usikie kwangu.

Gari lako la zamani lilikufa mwezi mmoja baada yako. Mama Neema na watoto watatu wakawa wanabadilisha mabasi kutoka nyumbani Langley Park hadi kanisani. Jumamosi akanipigia: "Ester, njoo unitazamie gari."

Muuzaji ni Shemasi, yule aliyeomba kwenye mazishi yako. Alikuwa na magari mawili ya aina moja, ya safu tatu za viti, nyumbani kwake Wheaton. La kwanza lina kila kitu: paa la kioo, viti vya ngozi vinavyopasha joto, buti linalofunguka lenyewe ukipitisha mguu chini yake. La pili lina viti vya kitambaa tu, ila lina kamera ya nyuma na vile vitaa vya kukuonya gari likikujia pembeni. Mama Neema aliketi katika la kwanza, watoto wakiwa nyuma, akainua macho kwenye kioo, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu uugue.

Tukalijaribu barabarani. Injini laini, breki zinashika. Ningeweza kunyamaza, Fundi. Lakini lilijaa marashi, na wewe ulikuwa ukisema, "Gari likinukia mno, uliza linaficha nini." Tuliporudi nikavuta kapeti chini ya kiti cha dereva. Bolti zina kutu. Vidole vyangu vikatoka na tope. Nyaya za mfuko wa hewa zimeota kutu ya kijani.

Shemasi alikuwa nyuma yangu. "Ni mvua, dada. Mtu alisahau dirisha." Kisha, polepole: "Usimharibie mama wa watu furaha yake."

Ndiye aliyenipa chumba nilipofika huku ughaibuni kutoka Kakamega, sina mtu. Nikasimama, nikamwonyesha Mama Neema vidole. Nikamwambia, "Hili lilizama kwenye mafuriko. Ukigonga, mfuko wa hewa huenda usifunguke."

"Barasa angelitengeneza."

"Barasa angelikataa, mama."

Neema ndiye aliyeshuka. Akawashika wadogo zake mikono, akawahamishia kwenye lile la vitambaa, akawafunga mikanda. Nililikagua hilo karibu saa nzima. Ni kavu. Mama yao akalichukua bila kunitazama. Jumapili Shemasi alinipita mlangoni kama hanijui.

Jana Mama Neema alisimamisha gari nje ya gereji. Hakushuka. Alishusha kioo, akasema, "Nilitaka tu kitu kizuri, Ester. Kimoja tu."

Nikamwambia najua. Tukalia kidogo, yeye ndani, mimi nje.

Pumzika sasa, Fundi. Nakuahidi, watoto wako hawatapanda gari ambalo sijalikagua kwa mikono yangu, hata awe nani anayeliuza.

Mwanafunzi wako,
Ester