Kaa Hawakutoka Leo

Jumatano. Hapa Aija, mtaani kwetu Sur, joto limekaa juu ya nyumba tangu asubuhi, hata pazia halitikisiki. Leo nimesema uongo ndani ya eda yangu.

Kazi yangu ni kuchunguza kaa wadogo wa khori ya Sur, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, wale ambao dume ana gando moja kubwa lisilolingana na mwili wake. Maji yakitoka huibuka mashimoni kula, yakijaa hujifukia. Tangu mume wangu Nasir afariki, miezi miwili sasa, sijavuka kizingiti. Khori iko nyuma ya ukuta na siioni. Kwa hiyo wifi yangu Salma, dada yake marehemu, akaniletea kaa kumi na wawili kwenye ndoo. Nikawaweka storini, ndani ya karai la matope, chini ya taa moja hafifu isiyozimwa.

Mle hamna jua wala maji ya kupwa na kujaa. Hata hivyo kila khori ilipokauka, wao walitoka. Kila siku wakichelewa kiasi cha dakika hamsini, kama maji yenyewe yanavyochelewa. Siku tisa hawakukosea, nami niliwapenda kwa hilo.

Mimi na mavyaa, mama yake Nasir, nasi tuna saa yetu. Saa tisa alasiri ndipo Nasir alipokuwa akirudi kutoka kazini. Hatukupatana kwa maneno, lakini ikikaribia saa hiyo tunakaa wawili ukumbini na kahawa zetu, tumeuelekea mlango. Ikishapita, mavyaa hukusanya vikombe, basi.

Leo, kwa jedwali langu, maji yalitakiwa yatoke saa nane u nusu. Nikaingia storini na daftari. Kaa hawakutoka. Mmoja akachungulia, akarudi. Baadaye wakatoka wawili, kisha mmoja peke yake, ovyo ovyo. Nilijua siku hii itakuja, maana mbali na bahari saa yao hulegea. Lakini nilikaa kitako sakafuni nikiwabembeleza kama mwehu: tokeni, maji yashatoka.

Nilipotazama simu ilikuwa saa kumi kasorobo.

Mavyaa alikuwa bado ukumbini. Kikombe changu kimejaa, kimepoa. Macho yake mekundu.

"Saa yake ishapita, mwanangu. Nimemngoja peke yangu."

"Nilikuwa nasali, mama."

"Ahaa. Allah akutakabalie, habibti."

Nikashindwa kumtazama.

Salma atawarudisha kaa kesho. Kwenye matope yao watashika tena mwendo baada ya siku chache, maji yenyewe yatawarekebisha. Nafurahi kwa ajili yao, na nawaonea wivu.

Uongo naweza kuukiri. Kesho asubuhi nitamwambia mavyaa kwamba sikuwa nasali, nilikuwa na kaa wangu. Atanisamehe, namjua. Pengine hata atacheka.

Lakini kuna jengine. Muda wote ule wa storini sikumkumbuka Nasir hata mara moja, na kifua changu kilikuwa chepesi.

Mama aliyefiwa na mwanawe nitamwambiaje hilo?