Mshipa Uliopasuka Malampaka

Alhamisi, Bariadi. Tangu asubuhi jua limefunikwa na vumbi jembamba, na mimi niko kama mtu aliyeamka nusu.

Jana tulikwenda Malampaka, Daktari na mimi, kwenye gari la polisi. Ni msimu wa pamba. Malori ya wanunuzi binafsi yanashindana barabarani, na pamba inayodondoka imenasa kwenye miiba pande zote mbili. Nilitazama weupe ule ukipita dirishani mpaka nikasahau tunakokwenda.

Tulikuwa tunakwenda kumpasua Shija.

Shija, mkulima wa makamo, alianguka akafa shambani juzi baada ya kunywa uji aliopelekewa na mkewe, Minza. Kabla hajazikwa, kaka za Shija wakamfungia Minza ghalani. Walisema amemtilia sumu. Askari aliyefika aliona ni salama zaidi abaki humo, akakaa mlangoni kumlinda.

Katika pande zetu hizi Daktari ndiye peke yake anayechunguza maiti. Mimi ni muuguzi. Namshikia vifaa na kuandika anachosema. Macho yake yamechoka. Mwisho wa mwaka anastaafu.

Tulizungushia turubai nyuma ya nyumba. Daktari alifungua kifua, akainama muda mrefu, kisha akaniita.

"Sista Kabula, weka daftari chini. Niangalizie hapa."

Nikaangalia. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni ulikuwa umepasuka, na damu imejaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Kengele za ng'ombe zilisikika mbali, kama zinatoka ndani ya maji. Sikuogopa. Niliuonea huruma ule moyo.

Daktari alichukua na sampuli za kupeleka kwa mkemia apime sumu. Lakini yeye ni mtu wa Kagera, Kisukuma hakijui, kwa hiyo wa kuwaeleza ndugu nikawa mimi. Kaka mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita mayu, yaani mama.

"Wewe mayu, umeona kwa macho yako, au umeambiwa useme?"

"Nimeona kwa macho yangu. Uji haupasui mshipa."

Akachora chini kwa fimbo. Halafu akaenda mwenyewe kufungua ghala. Minza alitoka, akakaa palepale kizingitini, akaanza kumlilia mumewe. Nadhani ndipo alipopata nafasi ya kulia.

Sasa niungame. Miezi miwili nimeficha barua ya zahanati binafsi hapa mjini. Wananitaka nikapime watoto uzito. Kazi safi. Majirani zangu hawali chakula nilichopika, kwa sababu ya mikono hii inayoshika maiti. Na Daktari amenitafutia nafasi ya mafunzo ya uchunguzi wa maiti; kila akiniuliza, najifanya nina haraka.

Leo mchana nilijilaza kidogo, nikaota. Niko kwenye chumba kirefu cheupe, madirisha wazi, upepo unaingia. Watu wengi wamevaa buti na aproni, wanafanya kazi polepole bila kuchoka. Mtu akaita kutoka mlangoni, "Nani ataniambia mwanangu amekufa na nini?" Wote wakageuka. Kila mmoja alikuwa tayari kumjibu.

Niliamka nikiwa mwepesi, nikaenda moja kwa moja kwa Daktari kumsimulia.

Akatabasamu. "Mimi nisingeomba chumba kizima, Sista. Mmoja angenitosha."

Nikamwambia apeleke jina langu. Lakini nikaomba na muuguzi mwingine aanze kujifunza wiki ijayo, maana nikiondoka atabaki na nani? Akasema ataandika barua halmashauri, ya tatu sasa. Nikamwambia safari hii tutaipeleka wote wawili, tukae pale mpaka watujibu.

Nimetoka kwake nikaja hapa intaneti kafe. Kuna jambo moja linanisumbua, na sitaki kulificha. Nikishahitimu, hospitali za watu binafsi kule Mwanza zikiniita, nitarudi Bariadi kweli?

Leo najibu ndiyo. Nimeliandika jibu hili hapa kwenye blogu yangu, mbele ya watu, nisije nikajidanganya.