Upande Ule wa Mizani

Mama Masele,

Ni mimi mumeo. Najua kusoma hukujua, na mimi kuandika najua kidogo, kule kwa darasa la ubatizo. Lakini sina mtu mwingine wa kumwambia. Masele yuko bomani, anafanya mtihani sasa hivi. Kazini sikwenda.

Tangu uondoke mambo ni hivi. Yule mbuzi wako mweusi fisi kamchukua. Paa la jikoni limeinama upande, sijalitengeneza. Mimi bado napakia magunia stesheni, karanga na nta, na mgongo unauma. Ugali napika mwenyewe. Unaungua chini kila siku, Masele anakula hasemi kitu.

Lakini kubwa ni la Masele. Chama cha ushirika kimetangaza kitapeleka kijana mmoja ng'ambo, akasome biashara mpaka apate digrii. Mmoja tu, atakayeshinda mtihani. Masele aliposikia hakula. Akasema, baba, hili ndilo lile la mama.

Nalikumbuka. Ulirudi na kapu tupu na hasira. Ulikuwa umeuza karanga dukani na mwenye duka kaweka kidole kwenye mizani. Ukasema, "Kidole chake kizito kuliko karanga zangu." Tukacheka. Halafu ukaacha kucheka. Ukasema unataka mmoja wetu akae upande ule wa mizani. Si ili aibe. Ili aone. Na siku ile ya homa, pumzi haikutoshi, ukanishika mkono ukasema tena, "Upande ule, Baba Masele." Baada ya hapo sikusikia neno lako jingine vizuri.

Basi nikauliza watu, hii digrii ya biashara ni kitu gani, ina faida gani. Kaka yako alikuja kutoka Ipole na asali, akacheka mpaka akakohoa. Akasema tumbaku inalimwa, nyuki wanafugwa, digrii inalimwa wapi. Mchungaji akasema kijana mwenye akili awe mwalimu, biashara inaharibu roho. Bwana Nasoro wa dukani, yule aliyekuwa anakupa chumvi ya nyongeza, akasema yeye hakusomea biashara popote, alikaa miguuni kwa baba yake dukani akaangalia. Kama Masele anataka biashara aje, ataanza na kubeba magunia.

Magunia. Kila mtu ana gunia la kumpa mtoto wako.

Mimi sijui kama digrii ina faida. Nakwambia kweli. Najua tu upande huu wa mizani, na huku hakuna kitu.

Shida ikawa hesabu zenyewe. Misheni hawakumfundisha zile za biashara. Alipata kitabu, kinasema hiki kinaingia huku, kile kinatoka kule, mwishoni pande mbili zilingane. Kwake hazilingani. Akawa anakuja kuniuliza mimi. Mimi, Mama Masele. 

Tukatafuta mtu wa kumfundisha peke yake. Mwalimu mmoja akasema hana nafasi. Karani wa duka moja akasema tajiri wake akijua atamfukuza. Mwingine akapokea mtungi wa asali ya kaka yako, akafundisha kidogo, kisha kila tukienda mkewe anasema katoka. Viatu vyake viko mlangoni.

Masele akachoka. Akaniambia akishindwa mtihani anakwenda mkonge. Wakala yuko stesheni, anaandika vijana majina, behewa linawangoja. Baba yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, bega moja likashuka halikupanda tena. Mimi nilipelekwa kwa treni kukata mkonge, na jicho la kushoto unajua lilivyokwenda. Wazee walisema mwanamume ni yule aliyefika pwani. Mimi nilifika. Sikuona kitu. Na sasa huyu, njia ile ile.

Akabaki Mwalimu Shomari, yule Mzaramo mzee aliyekuwa karani wa stoo ya reli. Unamkumbuka. Hapana, nasahau, siku ile ulikuwa umeshaondoka. Yeye ndiye aliyelala kaburini mwako.

Siku ya kukuzika, kaburi liko tayari, mtani huyu akashuka ndani akajinyoosha, kanzu yake nyeupe kwenye udongo. Akasema hatoki. Akasema Mnyamwezi huyu bahili, kamlisha mke mlenda miaka yote, leo anataka kumpa shimo la bure. Alipe kwanza. Watu wakacheka na machozi yanatoka. Mimi pia nilicheka. Nikampa jogoo, akatoka, akakupokea kwa mikono yake miwili. Sikusahau.

Nikaenda kwake. Anafundisha watoto wa wenye maduka barazani, ada yake siiwezi. Nikamweleza. Akanisikiliza, akasema, "Utani ni wa msibani, mtani. Kufundisha ni kazi." Akaingia ndani.

Sikujua nifanye nini. Miguu haikutaka kurudi nyumbani. Basi nikalala. Palepale mlangoni kwake, kwa kunyooka, kama yeye alivyolala. Wanafunzi wake wakaja wakasimama. Wanawake wa jirani wakaanza kucheka, wakasema Mnyamwezi kalewa pombe ya asali. Sikuwa nimelewa. Na sikuwa nafanya utani. Nililala nikaangalia mbingu, na nilikuwa nalia, machozi yanaingia masikioni.

Masele akaletewa habari akaja mbio. Akasimama juu yangu. Akasema, "Baba, inuka. Watu wanaangalia." Uso wake ulikuwa kama wako ukiwa na aibu. Nikamwambia waache waangalie.

Shomari akatoka. Akasema toka, wenzako wanataka kupita. Nikasema, "Wewe ulilala kaburini kwa mke wangu mpaka nikalipa. Na mimi sitaki jogoo, nataka umfundishe."

Akaketi kizingitini, magoti yanalia. Akasema Mnyamwezi hata kulala ni mzigo anaubeba. Akasema, "Mlete kesho. Lakini akishindwa usije kulala na kaburini kwangu."

Akamfundisha. Kila jioni Masele akitoka kwenye vibarua, hadi kiza kinaingia. Hakupokea kitu. Nilimpelekea kuni, akanitukana, akazipokea. Siku moja Masele alirudi anatabasamu, akasema pande mbili zimelingana. Nilitamani uwe hapa umuone.

Lakini juzi Shomari aliniita pembeni. Hakunitania. Akasema mtoto ana akili, ila tumeanza tumechelewa, na watakaokaa naye kwenye mtihani wamefundishwa tangu wadogo. Akasema, sikudanganyi.

Leo asubuhi Masele kaondoka na kalamu. Nikaingia chumbani kwake kufagia. Nyuma ya mlango nikakuta mzigo. Blanketi lako, lile jekundu, kalikunja na shati lake ndani, kalifunga kwa kamba ya katani, vizuri kabisa, kama baba yangu alivyokuwa anafunga. Sikumfundisha mimi kufunga vile. Sijui kajulia wapi.

Kumbe kashamwambia wakala. Anangoja tu majibu.

Nimeifungua ile kamba. Fundo lilikuwa gumu. Blanketi bado lina harufu ya moshi wako.

Mama Masele, sijui atashinda. Naogopa hatashinda. Lakini nakuahidi hili moja: lile behewa hapandi. Akishindwa nitakwenda tena kwa Shomari, nitalala mlangoni, nitalala na mlangoni kwa chama kama wana mlango. Watu wacheke. Najua kulala sasa.

Wewe pumzika. Karatasi nitaileta kaburini Jumapili, nitaiweka chini ya jiwe.

Blanketi nimelitandika hapa mlangoni nimelikalia. Akirudi atanikuta. Sitainuka.

Mumeo,
Baba Masele