Mholanzi Aliyeulizia kwa Cotter

Glenacurra,
Chini ya milima ya Comeragh,
Kaunti ya Waterford,
Ireland.

Jumanne, 11 Juni 2019

Mpendwa Dada Dympna,

Pokea salamu kutoka jikoni kwangu. Mlango uko wazi, jua limeingia mpaka mezani, na nimewafukuza wote ili nikuandikie kwa raha. U hali gani huko Perth? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na joto limepungua, au ndiyo mnaanza baridi yenu ya kichwa chini miguu juu? Sisi huku hatujambo. Mgongo wa shemeji yako Mossie unamuuma siku za kazi na unapona siku za mechi, kama ulivyomwacha. Mimi presha yangu imeshuka, na tangu Jumamosi imeshuka zaidi.

Najua swali ulilo nalo moyoni: Fintan anakuja kwako au haji? Umemtafutia kazi ya kuendesha lori mgodini, na wema huo siusahau. Viza anayo, inaisha mwisho wa Julai. Lakini tangu Pasaka aliniambia, "Mama, hii kazi ya kutembeza wageni kwa baiskeli naijaribu mara moja. Wa kwanza wakiondoka na furaha, nabaki. Ikiharibika, napanda ndege kwenda kwa mama mkubwa." Sasa tulia nikusimulie, maana jibu halikuja kwa njia fupi.

Kwanza nikueleze njia yenyewe, ili ujue mtoto wetu ana akili ya namna gani. Kilomita themanini na nne, na ameipima kwa miguu yake. Inaanzia hapa uani kwetu, inapanda ile barabara nyembamba yenye ua wa maua mekundu huku na huku, halafu inakata kupanda mlima kuelekea Pengo la Mbwa. Unapakumbuka, pale baba alipokuwa akishuka kwenye trekta na kuibembeleza kwa maneno. Fintan anapapanda bila kuinuka kwenye kiti. Nimeona kwa macho yangu, Mossie akishika saa. Ukifika juu, huku unaiona bahari ya Dungarvan, huku ziwa jeusi liko chini yako, kisha ni mteremko wa kilomita sita, kona baada ya kona, na kondoo wamelala katikati ya lami kama vile wameinunua.

Ameipitia kila barabara ya kaunti hii, kwenye mvua na barafu, akichagua hii na kuiacha ile kwa sababu ina mashimo au ina mbwa wa fulani. Hakuna aliyemfundisha. Miguu ni ya baba yetu. Kichwa, nisiseme ni cha nani. Kizuri chajiuza, lakini hakidhuriki kikisaidiwa na mama.

Nami nilitoa mchango wangu. Kila baiskeli ina kidude cha ramani kwenye usukani, lakini unajua simu na vidude vyote vinavyokata roho huko milimani. Nikasema kila mgeni awe na karatasi ya maelekezo mfukoni. Nikaiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu ule uliosifiwa na masista shuleni. Fintan akaisoma mara mbili, akasema iko sawasawa, akaenda kuichapisha mjini na namba zetu za simu chini yake.

Wageni walikuja Alhamisi, Waholanzi kumi na wawili, warefu kama nguzo za umeme. Watu wazuri sana, wanamaliza sahani. Kiongozi wao ni mama mmoja aitwaye Marijke, mwalimu mstaafu, hacheki ovyo. Mkubwa wao kwa umri ni Bwana Joost, aliyekuwa akigawa barua, miaka sitini na tisa, na hajapanda vilima maishani mwake kwa sababu kwao havipo.

Ijumaa jioni nilitoa nje ile sanamu ya Mtoto Yesu wa Prague, nikamweka chini ya ua ili atupe hali njema ya hewa, kama mama alivyofanya siku ya harusi yako. Mossie akaniuliza, "Umemgeuzia wapi uso?"

Nikamwambia, "Mlimani."

"Basi atauona ukungu wa kwanza kabla yetu."

Nikamwambia apeleke kufuru yake zizini.

Jumamosi waliondoka saa tatu asubuhi, jua linawaka. Mimi na Mossie tukapakia chakula kwenye gari, sandwichi za ham, chai kwenye machupa na pai mbili za rubabu ya bustanini, tukazunguka kwenda kuwangoja kanisani upande wa pili wa mlima. Kabla ya Pengo, Bwana Joost akapata pancha. Fintan alitaka wote wamsubiri, lakini mzee alikataa katakata. "Nendeni. Nimeziba pancha miaka hamsini. Karatasi ninayo." Akaachwa. Nusu saa baadaye ukungu ukashuka, ule mzito, ambao huoni hata masikio ya farasi uliyempanda.

Wakafika kanisani kumi na mmoja na Fintan. Wakala. Ikafika saa nane, Joost hayupo. Fintan akarudi juu na baiskeli, akashuka amelowa, hakuona kitu. Saa tisa, hayupo. Simu yake haipatikani. Dada, pale Pengo unajua ukuta ulivyo mfupi na bonde lilivyo refu.

Hapo watu wa kwetu walinipa moyo. Vijana wa timu ya magongo waliacha mazoezi, wakaja na jezi zao. Padri Gahan akaja na mabuti. Sajenti Keohan wa polisi akaja, akaiomba ile karatasi yangu, akaisoma polepole mbele ya wote: "Ukifika kwa Cotter, kata kushoto. Ukipita kituo cha maziwa, shuka hadi kwa mwalimu mkuu, kisha fuata mto." Akaikunja akasema, "Maelekezo haya yako wazi kabisa. Mtu anawezaje kupotea?"

Kila mtu akakubali. Padri akaitikia kwa kichwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari kidogo.

Ndipo Marijke akauliza, "Samahani. Cotter ni nani?"

"Duka la Cotter," nikamwambia. "Pale kwenye njia panda."

"Tumepita njia panda. Hakuna duka."

"Ndiyo, lilifungwa."

"Lini?"

Tukatazamana. Fintan akasema taratibu, "Mimi nilikuwa na miaka minne." Ana ishirini na sita sasa, Dada. Kituo cha maziwa kimebomolewa hata matofali hayapo, pana zizi la ng'ombe. Na mwalimu mkuu yuko makaburini tangu enzi za Papa yule mwingine, nyumba yake imeota mti ndani. Nilimwandikia mgeni njia ya kupita kwenye vitu vitatu ambavyo havipo, na mwanangu akaisoma mara mbili na polisi mara moja, na hakuna aliyeona kosa, kwa sababu sisi sote tunaviona.

Fintan hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu, "Nami niliisoma, Mama," akaenda kukaa kwenye ukuta wa kanisa, mikono kwenye magoti. Nikajua anaiona ile ndege ya Perth.

Nitakuungamia jambo ambalo sijamwambia Padri. Nilikuwa nikisali rozari kwa ajili ya Bwana Joost, na kila nikifika katikati, jina linalonitoka ni la Fintan. Mtu wa watu yuko kwenye ukungu, labda amevunjika, nami namlilia wangu aliyekaa mita kumi kutoka kwangu, mzima, asiondoke.

Aliyetuokoa ni Mossie, mgongo na yote. Akasema, "Mtu asiyeona kwa Cotter atafanya nini? Atauliza. Na nyumba ya kwanza ya kuuliza ni ipi?" Ni kwa Birdie Phelan. Unamkumbuka Birdie, sasa ana miaka themanini na moja na ulimi haujazeeka hata siku moja. Tukapanda gari, mimi, Mossie na Fintan, taa zimewashwa mchana, tukienda mwendo wa jeneza.

Baiskeli tuliiona imeegemezwa ukutani, imefutwa tope. Ndani, Bwana Joost amekaa mezani na sweta la marehemu mume wa Birdie, anamenya viazi.

Birdie hakuinuka. "Mmechelewa wapi? Mtu huyu amekula mkate mzima wa magadi na yuko kwenye wa pili."

Fintan akaegemea mlango. Mossie ndiye aliyeuliza, "Birdie, kwa nini hukupiga simu?"

"Tumepiga. Kwako. Mara nne. Hamkaagi nyumbani?"

Tulikuwa tumetoka wote kumtafuta yeye, Dada. Na simu ya Fintan haikuwa na mtandao huko mlimani, kama nilivyosema.

"Alinionyesha karatasi, akaniuliza njia ya kwa Cotter," Birdie akaendelea. "Nikamuuliza, Cotter gani, mzee, au yule mwanawe aliyekimbilia Boston? Akasema hajui. Nikaona huyu amepotea sana, aje anywe chai kwanza."

Bwana Joost akasimama, akampa Fintan mkono wenye maganda ya viazi. Akasema kwao ardhi ni tambarare kiasi kwamba ukimwacha mkeo mlangoni bado unamwona baada ya saa nzima, kwa hiyo hajawahi kupotea, na alikuwa akijiuliza ingekuwaje. Fintan akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa na machozi ndani yake, nikajifanya natazama saa ya ukutani.

Usidhani Marijke alicheka. Jumapili, kabla ya basi lao kuja, alimketisha Fintan kama mtoto wa darasani. Alimwambia asimwache tena mtu nyuma, hata akikataa, na ile karatasi iandikwe upya kwa vitu vinavyoonekana. Halafu akafungua daftari lake. Chama chao kitaleta watu kumi na sita Mei mwakani, na rafiki zao wa mji wa jirani wanataka Septemba hii. Alisema ameendesha kwenye milima ya Alpsi na Pirenei, na mteremko wa Pengo la Mbwa hauna mfano, kwa hiyo si mimi peke yangu ninayesema.

Jana Fintan alinichukua kwenye gari tukaipita njia yote polepole, yeye akiandika, mimi nikitaja. Nikisema, "Kwa Cotter," ananiuliza, "Kuna nini pale, Mama? Unaona nini?" Nami natazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza tangu duka lifungwe, nasema nyumba nyeupe, mlango wa kijani, bembea ya watoto. Ilichukua siku nzima. Vitu vingi vimekwenda, Dada, na mimi nilikuwa nimeviweka vyote mahali pake. Kwenye zizi, pale palipokuwa kituo cha maziwa, niliomba tusimame kidogo.

Tulipofika langoni petu nikamwambia aandike, "Kwa Mossie," maana hapa ndipo mwisho. Akasema mgeni hatajua Mossie ni nani, ila wiki ijayo atasimamisha kibao hapo na kukipaka rangi. Akainama akaandika mstari wa mwisho, akanipa nisome: "Maliza kwa Fintan."

Basi, Dada, mwambie yule bwana wa mgodini ampe lori mtoto wa mtu mwingine. Nisamehe. Nilikuomba umtafutie kazi, kisha nikapiga magoti kila jioni isimpate. Wewe mwenyewe uliondoka hapa na sanduku moja, na ulimwacha mama amesimama langoni. Naona utanielewa kuliko mtu yeyote.

Msalimie shemeji Lachlan, na wanangu Orla na Declan, uwabusu ingawa ni wakubwa. Birdie anakusalimu na anauliza kama bado una koti lake la kijani. Mossie anasema usimsahau kwenye sala za mgongo. Mungu akulinde na jua la huko, akupe usingizi mzuri, na akuweke mzima mpaka tuonane.

Mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Assumpta