Sauti za Kooni

Jumatatu, 3 Machi. Karatu.
Nimesahihisha tasnifu ya Kiebrania tangu asubuhi. Mwanafunzi bado anachanganya ain, herufi ya kooni, na alef. Nikampigia simu nimtamkie, sauti ikakwaruza, ikakatika. Wiki kadhaa sasa. Nasingizia vumbi, na mvua imeshaanza.

Alhamisi, 6 Machi.
Daktari hakuzungusha maneno. Kansa, kwenye kikoromeo. Watakitoa chote. Nitapumulia tundu la shingoni na sitasema tena. Nikikataa, nitakufa, na si mbali.

Nilicheka. Maisha yangu yote nimekula kwa koo hili. Chuoni, darasa la Kiarabu, wenzangu walikohoa kama mbuzi wakiitafuta ain. Mimi nimezaliwa nayo, Kiiraqw chetu kinayo. Kiarabu, Kiebrania, Kige'ez cha kale cha Ethiopia, kote nimeingia kwa mlango alionifungulia mama.

Jumamosi, 8 Machi.
Mbulumbulu, kwa mama. Macho yake yalizima zamani. Hajui kusoma. Ananijua kwa sauti tu. Nikikatwa, kwake nitakuwa nimekufa vilevile. Nimemwambia hivyo mdogo wangu Boay, anayekaa naye. Kakasirika.

"Sasa dada, ukifa ndiyo utaongea naye?"

Namchukia kwa kuwa kasema kweli.

Jumapili, 16 Machi.
Boay alishauri nijirekodi kwenye simu. Nimerekodi salamu, sala, habari za mjini, zote kwa Kiiraqw. Leo kamsikilizisha mama, mimi nimejibanza nje ya mlango. Mama aliikatiza simu akaiuliza kama nimekula. Simu ikaendelea na yake. Akauliza tena. Halafu: "Mbona hunisikilizi?"

Nimefuta zote.

Jumatatu, 17 Machi.
Nimesaini wanikate. Nataka kuishi, basi. Naogopa sana.

Jumanne, 8 Aprili. Hospitali.
Wamekitoa. Nimejaribu ain, kwa mazoea tu. Upepo, tena umetokea shingoni. Nikalia. Hata kilio hakina sauti. Mgonjwa wa kitanda cha pili hakugeuka.

Jumapili, 4 Mei. Mbulumbulu.
Tope tupu, gari nimeliacha barabarani. Mama alikuwa jikoni, anaota moto.

"Nani huyo?"

Nikamshika mkono. Boay akamwambia ni mimi, nimetoka kupasuliwa, sauti imekwenda. Alishamwambia tangu mwezi uliopita, na kila mara mama huitikia tu. Nikaupeleka mkono wake shingoni. Akaligusa tundu, akautoa upesi, akaufuta kwenye kitenge.

"Mwanangu ningemsikia," akamwambia Boay. Hakuwa na hasira. Akamwagiza amsogezee mgeni kigoda karibu na moto na ammiminie chai.

Nimekaa. Nimekunywa. Amenisimulia habari za binti yake, msomi, wa lugha nyingi, anayeongea mpaka chai inapoa. Boay alitoka nje.

Mama anasema huyo binti yuko njiani.