Sahani ya Loserian

Jumatatu, 9 Februari 2004

Itangazwe Kijenge yote: damu yangu mimi, Baba Sia, imefaulu mtihani! Wiki nzima imo kwenye sahani ya maabara, ndani ya inkubeta, lile kabati la joto, na leo chembe zimeshika rangi. Ndizo hasa anazozisaka Dk. Kaanaeli, mkuu wangu wa maabara — zile zinazozunguka na damu zikikarabati mishipa iliyochakaa. Mke wangu kauliza kama zinaweza na bomba la choo.

Sahani ya pili ni ya rafiki yangu Loserian, wa Nduruma. Mgonjwa wa sukari, mguu umeharibika. Hatukutegemea kitu. Kumbe zake zimejaa, zimejipanga kama mifereji ya shambani! Daktari kasema isiguswe, mradi wote ni sahani hiyo.

Alhamisi, 12 Februari

Loserian alifariki jana. Nimechungulia sahani yake. Mifereji imeongezeka, inaungana. Inajenga mishipa — ya nani?

Ijumaa, 13 Februari

Ulimi wangu! Msibani nilitaka kumfariji mjane, Nanyori. Nikamwambia damu ya mumewe ingali hai kwangu maabara, na inachapa kazi kunishinda mimi. Nilidhani atatabasamu. Akaenda kwa wazee. Sasa kaburi liko wazi na hakuna anayeshika koleo. Hawawezi, wanasema, kumfukia mtu ambaye kipande chake bado kinafanya kazi.

Nikampigia daktari. Akasema nikiimwaga sahani ile, nitafute kazi kwingine.

Jumamosi, 14 Februari

Asubuhi Nanyori kaja maabara, peke yake. Nikamwekea sahani kwenye darubini. Akainama.

"Shemeji, huyu hajui kama amekufa."

Nikamwambia chembe hazina masikio.

"Mimi ndiye mke. Nitamwambia mwenyewe."

Akaongea na sahani Kiarusha, taratibu, kama anayelaza mtoto. Mchaga mimi niliambulia nusu: umekufa, baba, acha kazi, lala. Kisha nikamimina jiki mbele ya macho yake. Alasiri wamezika.

Jumapili, 15 Februari

Kanisani sijaenda. Niandike ilivyokuwa.

Sahani niliyomwekea Nanyori ilikuwa yangu. Niliogopa kufukuzwa kazi. Chembe ni chembe, nikajisemea, mjane atazitofautishaje? Kwa hiyo damu iliyoambiwa imekufa, ikaambiwa ilale, ni yangu mimi. Loserian hajaambiwa kitu.

Nimepita maabara leo. Mifereji yake imefika ukingoni mwa sahani, imepinda, inafuata ukuta kama mtu anayepapasa mlango gizani.

Mkono wa kulia, niliotolewa damu, una baridi tangu jana jioni. Mke wangu ameuzungushia blanketi, anacheka, eti uzee umebisha hodi. Nami nimecheka. Hajagundua kwamba hii naandika kwa kushoto.